Michongoma ya Serikali na Bakuli la Bi Mwatumu

Haya ninayoyasimulia hayakutokea kwetu. Kwetu hayawezi kutokea, mnajua wenyewe. Yalitokea nchi nyingine kabisa, ya mbali, ambayo jina lake limehifadhiwa kwa sababu za usalama, kiasi kwamba hata wananchi wake wengi hawalijui, nao wanaendelea kulipa kodi bila kinyongo.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Ujirani Mwema na Utenganisho. Wizara ilikaa miaka mingi haina la kufanya, maana watu walikuwa wakijikalia ujirani wao bila kuomba kibali. Ndipo Waziri wake, Mheshimiwa Makororo, aliposafiri ng'ambo kuhudhuria mkutano. Mkutano wenyewe hakuufikia, alikuwa na shughuli nyingi madukani, lakini alipokuwa anarudi uwanja wa ndege aliona kiwanda upande huu, nyumba za watu upande ule, na katikati ukanda mrefu wa miti na maua, umekatwa vizuri, una hata benchi la kupumzikia. Akamwamuru dereva asimame. Waliokuwepo wanaapa kuwa Mheshimiwa alitokwa na machozi. "Kumbe watu wanaweza kutenganishwa kwa uzuri namna hii," alisema, na ndege ikamwacha.

Alipofika nyumbani, muswada ukapita bungeni kabla ya chai ya saa nne. Ukaitwa Sheria ya Ukanda wa Kijani Baina ya Matumizi Yasiyofanana, na usiogope jina, sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Popote zinapokutana ardhi mbili zenye kazi tofauti, duka na nyumba, karakana na shule, zahanati na banda la kuku, lazima katikati upandwe ukanda wa mimea. Ukanda huo haukanyagwi, haukatwi wala haupitwi. Ukiupita umeutumia, na ukishatumika si ukanda tena, ni matumizi, nayo matumizi yanahitaji ukanda wake. Suala la miche halikusumbua. Kitalu cha taifa kwa bahati njema kilikuwa tayari, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wa Waziri, kina mmea mmoja tu, mchongoma, ule wa kujengea uzio, wenye miiba ya kutoboa ndala. Tume ya wataalamu ikaundwa, ikasafiri, ikala, ikagundua kuwa mchongoma ndio hasa mmea uliokuwa ukihitajika.

Tatizo lilikuwa miche kupotea njiani. Ilikuwa inatoka kitaluni gari zima, inafika mitaani kiganja kimoja, iliyobaki inakutwa imezungushiwa mashamba ya wakubwa. Mheshimiwa alikasirika, akachukua kalamu akaongeza kifungu kwa mkono wake mwenyewe: mche wa serikali utapandwa pale pale ulipopokelewa, kabla jua la siku hiyo halijazama, na atakayeupokea ndiye atakayeupanda. Kiwekeni akilini kifungu hicho.

*

Sasa katika mji mkuu wa nchi hiyo, jirani kabisa na wizara zote, palikuwa na Mtaa wa Kisiki. Kwa kuwa ulikuwa karibu sana na serikali, haukuwa na maji. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Bi Mwatumu, mjane wa makamo, mwenye mwili wa haki na ulimi usiokaa na deni. Alikuwa mwoka boflo, ile mikate ya ngano. Uani kwake palikuwa na tanuri la udongo ambalo marehemu mumewe alilijenga kwa mikono yake miwili, akalipapasa na kulisawazisha hata likawa na tumbo zuri, kisha akafa. Tanuri hilo ndilo lililokuwa likimlisha Bi Mwatumu, ndilo lililomsomeshea wanawe hata wakahamia mbali, na asubuhi kabla hajaliwasha hulisalimu. Msimcheke. Angekuwa na mwingine wa kumsalimu angemsalimu.

Upande wa pili wa kijiukuta kifupi alikaa Fundi Ndaro, seremala, mtu mpole anayeongea na mbao kuliko anavyoongea na watu. Hawa wawili walikuwa na mazoea yao. Kila asubuhi Bi Mwatumu huweka boflo mbili tatu za moto kwenye bakuli lake la bati lenye maua mekundu, akalipitisha juu ya ukuta. Jioni bakuli lilirudi limejaa vipande vya mbao na maranda ya kuwashia tanuri. Kulirudisha tupu ni jambo ambalo halikuwahi kumpitia Fundi Ndaro akilini. Katika nchi ile, na hili ndilo pekee lililofanana na kwetu, bakuli la jirani halirudi tupu. Huna kitu, tia hata ndimu moja, hata chumvi. Mtu anayerudisha bakuli tupu husemwa mpaka wajukuu zake wakose wachumba.

Basi siku moja mteja akakuta ndani ya boflo randa moja la mbao, lililopeperushwa na upepo kutoka karakana, akafanya fujo barazani. Bi Mwatumu alikasirika kidogo. Alipokwenda bombani, ambako wanawake wa mtaa walikuwa wakikutana kila siku kuangalia kama maji yametoka, akatamka kwa sauti kwamba yule Fundi angepanda japo kamti kamoja pale ukutani kakamate hayo maranda, asingekufa. Hilo tu. Katika nchi ile malalamiko ya maji yalichukua miaka kufika serikalini, lakini neno hilo lilifika kabla hajajitwika ndoo yake tupu.

*

Kesho yake akaja Afisa Ukanda wa Kata, Bwana Eliphazi Kitundu, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Alikuwa na futi ya kupimia, filimbi, na gunia la miche. Aliwatangazia wote wawili kwamba amegundua matumizi mawili yasiyofanana, karakana na tanuri, yakigusana hadharani mchana kweupe, na kwamba serikali haiwezi kulifumbia macho. Fundi Ndaro aliuliza kama haiwezi kulifumbia jicho moja. Ukuta ukavunjwa, michongoma ikapandwa mstari mzima, na kwa kuwa miche ya serikali ndicho kitu pekee cha serikali kilichokuwa kinakwenda haraka, kufikia Ijumaa majirani walikuwa hawaonani.

Hapo ndipo Bi Mwatumu alipojua alichojifanyia. Asubuhi alisimama uani na bakuli lake lina boflo za moto, hana pa kulipitishia. Jioni hana maranda. Alianza kununua kuni, na faida yote ikawa inakwenda na moshi. Akaamua kuzungumza na Bwana Kitundu ili angalau aache kitundu cha kupitisha mkono.

Alimkuta anapita na futi yake, jasho linamtoka, anaonekana hajala. Bi Mwatumu hakuwa mtu wa kutoa rushwa, na ninawaomba mnielewe vizuri hapa. Lakini pia hakuwa mtu wa kumtazama mtoto wa mwenzie ana njaa. Akamjazia bakuli, akalifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, akampa. Bwana Kitundu alieleza kwamba taratibu zinakataza kula kazini ila hazikatazi kubeba, akashukuru kwa kuinama, akaenda nalo. Kuhusu kitundu alisema atalifikisha juu.

Siku ya tatu bakuli likarudi. Bwana Kitundu, ijapokuwa alikuwa mtumishi wa umma, alikuwa amelelewa. Mama yake alimfunza tangu hajui kufunga kamba za viatu kwamba bakuli la mtu halirudi tupu. Sasa mshahara wake ulikuwa haujatoka tangu kiangazi, chumbani kwake hapakuwa na hata kitunguu, na ofisini palikuwa na kitu kimoja tu. Bi Mwatumu alilipokea barazani kwa mikono miwili, akafunua kawa, akakuta mche wa mchongoma umefungwa kwa kitambaa chenye maji.

"Nisamehe mama, ndicho nilichonacho," alisema kijana, na macho yake yalikuwa ya kweli.

Bi Mwatumu akashukuru, ungetaka afanyeje. Akauliza auweke wapi. Hapo Bwana Kitundu akabadilika rangi, maana ndipo alipokikumbuka kifungu. Mche wa serikali, umepokelewa, barazani. Akautazama mche, akalitazama jua, akatoa filimbi. Wakaupanda pamoja, hapo hapo, katikati ya baraza, na ukanda ukaanza.

*

Mwenye akili atauliza mbona hakuacha kumpa. Nami namuuliza mwenye akili, wewe bakuli limekuja kwako na kitu ndani, utakaa tu umekunja mikono? Zawadi ni zawadi, hata ikiwa na miiba. Bi Mwatumu alipeleka boflo kushukuru kwa mche. Kijana akarudisha bakuli na mche kushukuru kwa boflo. Wote wawili walikuwa wanaumia, na hakuna aliyekuwa tayari kuonekana hana adabu.

Alichoweza kuchagua ni pa kupokelea tu. Baada ya baraza kujaa miiba, alipokea mlangoni, na tangu siku ile akawa anaingia kwake kwa dirisha. Akapokea sebuleni. Akapokea kwenye ukumbi mdogo wa kuelekea chumbani. Mara moja alikimbilia barabarani akapokelea huko, akidhani amefanya werevu, njia nzima ikafungwa na mtaa ukamsema wiki mbili. Mara nyingine alijificha chooni. Bwana Kitundu alisubiri kwa heshima zote nje ya mlango, akasalimu, akalipitisha bakuli kwa juu. Sitaeleza ugumu uliofuata.

Wizara haikukosa sababu za kitaalamu. Ilikuja tume ikagundua kuwa nyumba ya Bi Mwatumu ilikuwa inavunja sheria siku nyingi kwa ndani. Chumba cha kulala ni makazi, sebule anamouzia boflo ni biashara, uani penye moshi ni viwanda, na yule kuku wake mmoja, ambaye hata kutaga alishaacha, ni sekta ya mifugo. Mkeka wake wa kuswalia ukaandikwa kuwa eneo la ibada, ukazungushiwa miche pande tatu, upande wa nne ukaachwa kwa kuzingatia uhuru wa dini. Kwa hiyo ile michongoma iliyoota ndani kwa adabu tu ya watu wawili ikahesabiwa kuwa mafanikio ya mpango. Ukanda wa sebuleni ukachaguliwa kuwa wa mfano kitaifa, na Waziri mwenyewe akaja kuuzindua.

Mheshimiwa Makororo aliingizwa kwa dirisha, akisukumwa kwa nyuma na wasaidizi, akavuta pumzi, akasema. "Ndugu wananchi. Kabla ya sheria hii mama yenu huyu alikuwa analala na kupika katika nyumba moja, bila mpangilio, kama vile nchi haina viongozi. Leo analala huku, anapika kule, na katikati yake kuna serikali." Watu wakapiga makofi. Walipigia dirishani, maana hapakuwa na nafasi ndani. Akaongeza kuwa ifikapo mwisho wa mpango wa maendeleo, kila Mtunzaji wa Taifa, jina jipya la raia, atakuwa na ukanda wake binafsi unaomtenganisha na kila jambo. Bi Mwatumu aliambiwa atoe neno la shukrani. Akasema anaomba njia ya kufikia kitanda. Msaidizi akawafafanulia waandishi kwamba mama amezidiwa na furaha.

*

Fundi Ndaro alikuwa akiyasikia yote hayo kutoka ng'ambo ya pili. Siku moja akasogea kwenye miiba, akamwita. Alikuwa mtu wa maneno machache, akayasema yote aliyokuwa nayo. Alimwambia kwamba dawa ni ndogo: safari hii bakuli likija, amrudishie kijana tupu, basi, mnyororo ukatike.

"Tupu, Fundi?"

"Tupu, jirani."

"Mama yangu yuko kaburini, Fundi. Nimuamshe kwa hilo?"

Fundi akakiri kwamba hata yeye asingeweza. Akamuuliza habari za tanuri, na Bi Mwatumu, aliyekuwa amevumilia baraza na sebule na kuruka kwenda chooni bila kutoa chozi, akalia. Kwa sababu hapo uani ndipo mahali pa mwisho palipobaki pa kusimama. Mbele ya tanuri pale pale, palipomtosha mtu mmoja na pepeo lake. Bakuli lilikuwa kwa Bwana Kitundu, lilikuwa linarudi, na popote atakapolipokelea sasa ni mdomoni mwa tanuri la marehemu. Mchongoma ukianza pale, haoki tena. Na asipooka, anakula nini, na anamsalimu nani.

Bakuli likarudi asubuhi ya Jumatano. Bwana Kitundu alipenya pembeni, kachanika mikono yote miwili, akalinyanyua juu ya miiba kama kawaida. Bi Mwatumu alifikiria kutokunyoosha mikono. Alifikiria kweli. Lakini kijana alikuwa anatetemeka kwa kusimama kwa ncha za vidole, na mikono yake ikanyooka yenyewe. Akapokea. Bwana Kitundu akalitazama tanuri, naye akajua. Hakupuliza filimbi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ana ukaguzi mtaa wa tatu, hatasimamia upandaji, anamwamini mama mpaka jua litakapozama. Ndiyo huruma pekee iliyokuwa ndani ya uwezo wa cheo chake.

*

Bi Mwatumu akakaa chini, bakuli mapajani. Kabla ya kuchimba, alijiambia, atimize adabu ya mwisho, amrudishie yule kijana bakuli lake la asante. Akatafuta cha kutia. Boflo hakuna, tanuri lilikuwa la baridi siku ya pili kwa kukosa kuni. Gunia la unga lilikuwa ng'ambo ya ukanda wa viwanda, analiona na halifikii. Sukari iko biasharani. Kuku yuko mifugoni. Alipapasa huku na huku nyumba nzima ya kwake mwenyewe, asipate hata punje ya mtama. Kitu pekee alichokuwa nacho mkononi, duniani, ni ule mche.

Aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Mtu akuletee kitu, umrudishie kile kile! Lakini tupu je? Tupu haiwezekani. Akaufunga mche vizuri kwa kitambaa chake kile kile chenye maji, akalifunika bakuli kwa kawa safi, akatoka kwa kuparamia ukuta wa choo, akaenda zake Ofisi ya Kata huku ananung'unika maneno ya kuomba radhi.

Bwana Kitundu alikuwa mezani, chini ya picha ya Waziri. Alipomwona mama na bakuli alisimama, akafuta viganja kwenye suruali, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa. Njaa ilikuwa inamuuma, mate yalishajaa. Akafunua.

Wakatazamana.

"Mwanangu, nisamehe. Sina kingine," akasema Bi Mwatumu.

"Umenipa, mama?"

"Nimekupa."

"Na mimi nimepokea." Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayesomewa hukumu na kuisoma yeye mwenyewe. "Nimepokea ndani ya ofisi. Na aliyepokea mwisho ndiye mpandaji."

Akageuka dirishani. Jua lilikuwa limeshalala juu ya mapaa. Angeweza kuutupa ule mche, ndiyo, watu wengi wangeutupa. Lakini mtu ambaye hawezi kurudisha bakuli tupu ndiye huyo huyo asiyeweza kuvunja kifungu, adabu haichagui. Akalishusha kutoka ukutani jembe la maonyesho lililofungwa utepe, lile la kufungulia msimu wa kupanda miti, akaanza kubomoa sakafu. Bi Mwatumu alimsaidia kumwagia maji ya kunawia. Walipomaliza ilikuwa magharibi, akamuaga, akarudi kwake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi mbele ya tanuri lake hapakuwa na cha kupandwa.

*

Kulipokucha, ukanda wa Ofisi ya Kata ulikuwa unagusa dari, meza upande huu, mlango upande ule. Bwana Kitundu akatoka kwa dirisha kwenda kuripoti kwa Mkurugenzi wake. Na mdogo haendi kwa mkubwa mikono mitupu, hilo nalo mnalijua. Akatwaa kilichokuwa ofisini, akatia ndani ya lile bakuli la maua mekundu, akafunika kawa. Mkurugenzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupokea, alipokea kabla ya kuuliza.

Bakuli likapanda. Mkurugenzi akaupanda wake, akatia mwingine, akampelekea Kamishna. Kamishna akapokelea kwenye ukumbi wa mikutano, ukumbi ukafungwa mkutano ukiwa ndani. Kamishna akampelekea Katibu Mkuu, naye akapokelea kwenye lifti, akalipenyeza bakuli mbele kwa ufa wa mlango, na mpaka leo haijulikani yuko ghorofa gani. Kila mmoja aliulaani mche moyoni, kila mmoja alitafuta mkubwa wake, na kila mmoja aliona aibu kwenda mikono mitupu. Serikali ile haikuwahi kufanya kazi kwa ushirikiano namna hiyo tangu uhuru.

Mwishowe likafika kwa Mheshimiwa Makororo, mbele ya waandishi. Alipoona kitu kimefunikwa kinamjia, akageukia kamera, akatabasamu, akalikumbatia bakuli kwa mikono miwili, akaomba wapige na upande wa kushoto. Kisha akafunua. Wasaidizi walimshauri afute kifungu chake mara moja. Akakubali. Lakini kufuta kifungu kunahitaji Bunge, na Bunge ni kutunga, Wizara ni kutekeleza, matumizi hayo hayafanani. Baina ya hayo mawili ulishapandwa ukanda mwaka wa kwanza, mnene, wa mfano, aliouzindua mwenyewe. Haupitwi. Jua likazama.

*

Michongoma ile ilijifunga juu ya wizara zote hata usione bendera. Mtaa wa Kisiki ulitulia ukasubiri kuona nchi itakavyoanguka. Ikapita wiki. Ikapita nyingine. Ndoo zikajaa bombani, maana mfunguaji wa maji alikuwa mtu wa kawaida tu, na hapakuwa na mkubwa wa kumkataza.

Fundi Ndaro akauliza, kutoka ng'ambo, kama kuna afisa yeyote huko. Bi Mwatumu akamjibu kwamba wamo ndani wote. Basi akasikia msumeno. Ulikata siku nzima bila haraka, na jioni uso wa Fundi ukatokeza, una majani kichwani. Michongoma yote ya nyumba ile na ya barabarani ikakatwa, ikaanikwa, ikaingia tanurini, na niwaambie, hakuna kuni zinazowaka vizuri kama mchongoma wa serikali. Bi Mwatumu alilisalimu tanuri, akakanda, akaoka. Randa likaruka kutoka karakana likatua kwenye unga. Alilitazama, akalitoa kwa ukucha, hakusema neno kwa mtu.

Bwana Kitundu alikuja kukaa barazani. Alishaandika barua ya kujiuzulu, hakupata wa kumkabidhi, kwa hiyo yungali mtumishi wa umma na mshahara wake bado haujatoka. Anauza boflo kwa kamisheni.

Watu wa mtaa wana huruma. Kila asubuhi hupita kando ya ule msitu wakarusha mikate juu ya miiba, kusudi viongozi wao wasife njaa. Bi Mwatumu naye hurusha zake, anarusha kwa mkono tu, bila chombo. Asubuhi moja, alipokuwa anarusha, sauti nene ikamwita kutoka ndani, akaitambua.

"Mama. Bakuli lako ninalo."

Bi Mwatumu akaushusha mkono wenye boflo.

"Nimetafuta cha kutia," sauti ikaendelea, na haikuwa na majivuno tena, ilikuwa sauti ya mtoto wa mtu. "Huku hakuna kitu, mama. Miche yote imekwisha. Siwezi kukurudishia tupu."

Lilikuwa bakuli la arusi yake, lile. Akafikiri kidogo.

"Kaa nalo, Mheshimiwa," akasema. "Ni lako."

Kisha sauti ikauliza, kwa woga kidogo, wananchi wanasemaje huko nje, wanafanyaje bila wao, wanawatafuta?

Bi Mwatumu akageuka. Barabara ilikuwa wazi, ndoo zimepangwa zimejaa, Fundi Ndaro alikuwa amesimama na bakuli jipya la mbao alilolichonga mwenyewe, limejaa maranda, anamsubiri. Hakutaka kumuumiza mtu aliye katika hali ile.

"Wanawasalimu," akasema, akaenda kuwahi tanuri lake.